UZI: Gemu ya vyombo vya anga na mizinga ya kulinda kituo. Watu wanne, hotspoti moja, bila bando

#1 · kekee_darajani

Assalam aleikum wanajukwaa.

Swali hili linarudi kila likizo ya skuli na kila Ramadhani baada ya tarawehe: gemu gani ya vyombo vya anga inachezwa na watu wanne kwa pamoja, yenye mizinga ya kujengwa na si kufyatua tu, inayokubali simu za kawaida na isiyokula bando? Nafungua uzi mmoja ili tuwe tunaelekezana hapa.

Kwa simu, jibu ni Mindustry. Kwa Android ni bure, ipo Play Store, F-Droid na itch.io. Kwa iPhone na Steam inalipiwa. Ni programu huria yenye leseni ya GPLv3, kwa hiyo kumrushia mwenzio faili lake kwa Bluetooth si wizi. Kila mchezaji anapewa chombo kidogo kinachoruka, na chombo hicho kinapiga, kinachimba madini na kinajenga. Adui wanakuja kwa mawimbi, wengine ardhini, wengine angani, na wote wanakitaka kituo chenu kikuu. Kituo kikivunjwa mmekwisha.

Kwa wenye kompyuta na pedi ipo X-Morph: Defense ya EXOR Studios wa Poland (2017), wachezaji 2 kwenye kioo kimoja kilichogawiwa. Sanctum 2 ya Coffee Stain Studios wa Sweden (2013) inachukua hadi 4, ila humo unakwenda kwa miguu na bunduki, chombo cha kuruka hakuna. Lovers in a Dangerous Spacetime (2015) inaweka hadi watu 4 ndani ya chombo kimoja, mmoja kwenye injini, mwengine kwenye ngao, wengine kwenye mizinga. Tamu mno, lakini hakuna kujenga ngome. Hizo tutazigusa tu.

Takwimu nitakazotaja ni za Mindustry toleo la 7 (namba 146). Mkiwa na toleo jengine, bonyeza alama ya kuuliza kwenye kifaa chochote ndani ya gemu, utaona namba zake hapo hapo.

Na nianze na msimamo wangu kabisa: watu wanashindwa gemu hii kwa sababu risasi hazikufika kwenye mizinga. Kupiga vibaya ni sababu ndogo sana. Chombo chako ni msaidizi tu, vita vinashindwa kwenye mikanda, ile inayobeba madini na risasi kuzipeleka kwenye mizinga.

#2 · kekee_darajani

Kuunganisha simu kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa.

Simu yenye nguvu kuliko zote na chaji ya kutosha ndiyo iwe mwenyeji. Washa hotspoti kwenye simu hiyo, data izime kabisa, haihitajiki. Wengine waingie kwenye hotspoti kama Wi-Fi ya kawaida. Mwenyeji afungue ramani, aingie menyu ya gemu akiwa ndani ya mchezo, abonyeze "Host Game", aandike jina, aache mlango wa 6567 kama ulivyo, kisha athibitishe. Wengine waende Join Game. Gemu la mwenyeji linajitokeza lenyewe kwenye orodha ya mtandao wa karibu. Gusa, umeingia.

Kwa mara ya kwanza chezeni ramani ya Custom Game, kampeni iacheni kwanza. Huko vifaa vyote viko wazi bila kufanya utafiti, na kwenye kanuni unaweza kuongeza muda kati ya wimbi na wimbi. Wekeni sekunde 120 mpaka mzoee. Ipo pia kanuni ya kusubiri adui wote wafe kabla ya wimbi jengine kuja. Mkiiwasha, mchezo unakuwa mwepesi mno, mimi siipendi, lakini kwa wadogo inafaa.

Kompyuta na simu zinachanganyika bila tabu, mradi toleo ni moja.

#3 · mtoto_wa_wete

Shukran kaka. Sisi tupo Pemba, simu tatu zinaonana, ya nne orodha inakuja tupu kabisa. Wi-Fi inaonesha imeunganishwa. Tatizo ni nini?

#4 · bi_hotspoti

@mtoto_wa_wete sababu ni tatu au nne, zifuate kwa mpangilio huu.

Ya kwanza, simu yenyewe imekimbia. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti, inarudi kimya kimya kwenye data ya laini. Utaona ujumbe kwamba mtandao huu hauna intaneti, unataka kubaki? Kubali kubaki. Au zima data kwenye simu hiyo, ikose pa kukimbilia.

Ya pili, matoleo tofauti. Namba ya toleo imeandikwa kwenye kioo cha mwanzo. Mmoja akiwa na 146 na mwengine ana namba nyengine, hata mkionana mtakataliwa kuingia. Dawa ni kumrushia faili moja kutoka simu moja kwenda zote.

Ya tatu, andika anwani kwa mkono. Kwenye Join Game kuna Add Server. Anwani ya mwenyeji ni ile inayoitwa lango au "gateway" kwenye maelezo ya Wi-Fi ya simu iliyojiunga. Android nyingi za zamani ni 192.168.43.1, iPhone ikiwa mwenyeji ni 172.20.10.1. Android mpya zinabadilisha, kwa hiyo soma, usikisie.

Ya nne ni ya wale wanaojaribu kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mkahawa. Mitandao mingi ya wageni imewekwa ili vifaa visionane, kila kimoja kinaona intaneti tu. Hapo hata anwani ya mkono haisaidii. Tumieni hotspoti ya simu mkiwa pale pale mezani.

Na jengine dogo: mwenyeji asitoke nje ya gemu kwenda kujibu WhatsApp. Simu zenye kubana chaji zinaiua programu iliyo nyuma, na wote mnatupwa nje kwa pamoja. Kwenye mipangilio ya betri mpe Mindustry ruhusa ya kutobanwa.

#5 · mtoto_wa_wete

Ilikuwa ni hiyo ya kwanza. Ahsante bibi yangu.

#6 · kekee_darajani

Sasa mwanzo wa mchezo wenyewe.

Kekee ya kwanza (Mechanical Drill) inagharimu shaba 12 na inakaa miraba 2 kwa 2. Inachimba mchanga, shaba, ledi, vyuma chakavu na makaa ya mawe. Titani haiiwezi, hiyo inataka Pneumatic Drill: shaba 18 na grafaiti 10. Kekee ikikanyaga madini ya aina mbili inachimba yale yenye miraba mingi chini yake, kwa hiyo ukiiweka mpakani mwa shaba na ledi unaweza kushangaa unaletewa ledi. Kabla ya kuweka, soma jina la madini linalojitokeza juu ya kivuli chake.

Mkanda wa kawaida unabeba takriban vitu 4.2 kwa sekunde, wa titani 11. Mkanda unakabidhi kitu kwa kile ulichoelekea mbele yake TU. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapa ndipo kosa la kila mgeni: anapitisha mkanda wa shaba ubavuni mwa mizinga sita ya Duo, shaba inapita inakwenda zake, mizinga yote mitupu, wimbi la pili linafika. Mkanda ukipita pembeni mzinga hauchukui kitu.

Ili safu ya mizinga ipate risasi, unakata mkanda kwa Router (kifaa cha gemu, si ile rauta ya Wi-Fi) mbele ya kila mzinga au kila jozi: mkanda, Router, mkanda, Router. Mizinga ikae juu na chini ya Router. Mwisho wa safu mkanda uingie moja kwa moja kwenye mzinga wa mwisho. Usiogope mkanda ukijaa ukasimama. Ni kama tangi la maji juu ya dari, maji yapo pale yanasubiri mtu afungue mfereji. Mzinga ukianza kupiga, mkanda unaanza kutembea.

Duo moja ni shaba 35. Nane kwenye njia ya adui zinatosha mawimbi ya mwanzo kwenye ramani nyingi.

#7 · fundi_mikanda

Kaka kekee, hapo kwenye Router umewaachia watu mtego. Elezea vizuri.

Router mbili zikigusana zinarushiana mzigo, huku kwenda, huku kurudi, na mwendo wa mstari unaporomoka. Tena Router haichagui. Mkanda wowote mwengine unaoigusa ubavuni nao unapakiwa, hata kama ni ule unaokwenda kituoni au kwenye kiwanda. Unakuta grafaiti imeingia kwenye mstari wa mchanga, kiwanda cha silikoni kimesimama, na hakuna anayejua kwa nini.

Hatari kubwa zaidi ni kitu kimoja kisichotakiwa. Duo inakula shaba, grafaiti na silikoni. Haili ledi wala mchanga. Punje moja ya ledi ikiingia kwenye mstari wa Duo, inafika kwenye Router ya mwisho, hakuna anayeipokea, Router inabeba kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, basi Router hiyo imefungwa, na ledi ikiendelea kuja zile za nyuma yake nazo zinafungwa moja moja. Mizinga inaishiwa mmoja mmoja kuanzia wa mwisho. Ukiona mizinga ya mwisho tu ndiyo mitupu, usiongeze kekee. Gusa Router ya mwisho uangalie imebeba nini. Ivunje, ijenge tena, kile kilichokwama kinapotea nayo.

Suluhisho la kudumu ni Unloader. Inagharimu titani 25 na silikoni 30, unaiweka imegusa kituo kikuu, unaichagulia grafaiti, nayo inatoa grafaiti peke yake hadi vitu 11 kwa sekunde. Uchimbaji wote uende kituoni, risasi zote zitoke kituoni. Hapo mistari ya risasi na ya migodi haikutani popote.

#8 · kekee_darajani

Sipingi. Ila Unloader inataka titani na silikoni, na wimbi la tano halikusubiri mpaka uvipate. Router kwa mwanzo, Unloader baadaye.

#9 · fundi_mikanda

Tumekubaliana. Ila zisigusane!

#10 · hesabu_tupu

Naongeza hesabu ya risasi, maana naona watu wanajaza Duo kwa shaba mpaka wimbi la 25 halafu wanalalamika gemu ni ngumu.

Askari wa adui wana deraya. Pigo la risasi linapunguzwa kwa namba ya deraya, ila haliwezi kushuka chini ya robo ya pigo lenyewe. Duo ikila shaba pigo lake ni 9. Ikila grafaiti ni 18. Ikila silikoni ni 12, lakini risasi inamfuata adui.

Dagger, yule mdogo wa mwanzo, ana uhai 130 na hana deraya. Kwa shaba anakufa kwa mapigo 15. Hakuna shida.

Mace ana uhai 550 na deraya 4. Shaba inabaki 5, mapigo 110. Grafaiti inabaki 14, mapigo 40.

Fortress ana uhai 900 na deraya 9. Shaba ingebaki sifuri, basi inapewa robo yake, 2.25. Mapigo 400! Grafaiti inabaki 9, mapigo 100.

Yaani pigo moja la grafaiti kwa Fortress lina kazi ya mapigo manne ya shaba. Na bado Fortress anapiga kwa mbali kuliko Duo inavyofika. Duo inafika miraba kama 13, yeye anasimama nje ya hapo anazivunja taratibu. Kwake yeye unahitaji Hail, inayofika miraba 29 (shaba 40, grafaiti 17), na baadaye Ripple inayofika 36 (shaba 150, grafaiti 135, titani 60).

Grafaiti inatoka wapi? Graphite Press: makaa 2 yanatoa grafaiti 1 kila sekunde 1.5. Shaba 75 na ledi 30 kuijenga. Ijengeni kabla ya Duo ya kumi, si baada.

#11 · skwahiba_mkoani

Mizinga kumi ya Hail, yote imejaa grafaiti, na vitu vya angani vinapita juu yake vinakwenda kupiga kituo, hata mzinga mmoja haufyatui. Gemu ina hitilafu?

#12 · bi_hotspoti

Haina hitilafu @skwahiba_mkoani. Hail ni ya ardhini tu. Ripple vile vile, Lancer vile vile, Arc vile vile. Duo inapiga kote kuwili. Scatter ni ya angani tu, na hiyo ndiyo unayoikosa: shaba 85 na ledi 45, inafika miraba 27, inakula vyuma chakavu, ledi au metaglasi. Metaglasi ndiyo bora, ila ledi inatosha sana mwanzoni na iko kila mahali.

Kuhusu pa kuziweka: askari wa angani hawafuati njia. Wanaruka moja kwa moja kwa kile wanachokitafuta. Flare anatafuta majenereta. Horizon anatafuta viwanda, halafu kituo. Kwa hiyo Scatter zako zisikae mbele na Duo kwenye njia ya ardhini. Ziwekeni mbili karibu na majenereta, mbili karibu na viwanda, moja au mbili kituoni. Mkishajua upande wanaotokea, sogezeni miraba kumi upande huo, mabomu yasianguke kabla Scatter haijaanza kazi.

Na hapa ndipo vyombo vyenu vinapolipa. Horizon hana bunduki, anadondosha mabomu tu, na mabomu yake hayakipati kitu kilicho angani. Ukimfuata kwa chombo chako hawezi kukurudishia hata risasi moja. Wachezaji wawili wakiwakimbiza Horizon, na wawili wakibaki kutengeneza, wimbi la Horizon linakuwa mchezo wa watoto. Kwenye simu chombo kinalenga chenyewe, wewe kazi yako ni kumkaribia tu. Zenith usimjaribie hivyo, huyo ana makombora na deraya 5.

#13 · skwahiba_mkoani

Kumbe! Kumi zote za bure.

#14 · bi_hotspoti

Si za bure, Fortress akija utazishukuru. Ukizivunja unarudishiwa nusu tu ya gharama. Ziache.

#15 · fundi_mikanda

Umeme na silikoni, kwa sababu bila silikoni hamvuki.

Silicon Smelter (shaba 30, ledi 25) inachukua makaa 1 na mchanga 2, inatoa silikoni 1, mzunguko mmoja ni theluthi mbili za sekunde. Piga hesabu: kwa mwendo kamili inataka mchanga 3 na makaa 1.5 kwa sekunde, jumla 4.5. Mkanda wa kawaida unabeba 4.2. Maana yake mkanda mmoja uliochanganywa mchanga na makaa hauwezi kukishibisha hata kiwanda KIMOJA, achilia mbali vitatu. Na ukichanganya, siku mchanga ukizidi mkanda unajaa mchanga, kiwanda kimeshiba mchanga, makaa yamekwama nyuma, silikoni sifuri. Leteni mchanga kwa mkanda wake upande mmoja, makaa kwa mkanda wake upande wa pili. Pasipo nafasi tumieni daraja, linaruka miraba 3 katikati bila kugusa kilicho chini.

Umeme: Combustion Generator moja (shaba 25, ledi 15) inatoa 60 kwa sekunde na inakula kaa moja kila sekunde 2. Smelter inataka 30. Kwa hiyo jenereta moja kwa Smelter mbili. Mender, kile kinachoponesha majengo, kinataka 18, basi jenereta moja kwa Mender tatu. Arc ndiyo mlafi, inataka 198 ikipiga, zaidi ya jenereta tatu kwa mzinga mmoja unaofika miraba 11. Watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi kujenga na haitaki risasi, halafu wimbi likifika umeme unashuka kwa kila kitu, Mender zinalala, Smelter zinasimama. Kama lazima uwe na Arc, ipe majenereta yake peke yake na nguzo zake peke yake, isiunganishwe na viwanda.

Nguzo ya kawaida inafika miraba 6 na inashika waya 10. Mkiona jengo lina alama ya umeme mdogo, kwanza angalieni kama nguzo ya katikati haikubomolewa.

Tahadhari ya mwisho: makaa yanawaka. Mkanda wa makaa ukipigwa mbele ya vita, moto unasambaa kwenye majengo ya jirani. Pitisheni makaa nyuma. Kama hakuna njia, wekeni Wave (mzinga wa kurusha maji) yenye maji karibu, inazima moto yenyewe. Maji hayo hayo yapelekeni kwenye kekee, kekee yenye maji inachimba mara 2.56.

#16 · mtoto_wa_wete

Swali jengine. Tukiwa wawili tunajenga haraka. Tukiwa wanne kila kitu kinabaki nusu, vivuli vya majengo yaliyoagizwa vimejaa ramani nzima, hakuna kinachomalizika.

#17 · kekee_darajani

Hili ndilo swali bora la uzi huu.

Hazina ni moja kwa wote. Kila kitu kilichopo kituoni ni cha wote wanne, na jengo halilipiwi mwanzoni, linalipiwa kidogo kidogo linavyoinuka. Shaba ikiisha katikati, jengo linasimama pale pale. Sasa mmoja ameagiza ukuta wa miraba 60, mwengine Ripple mbili, mwengine safu ya kekee, mwengine viwanda. Wote mnachota shaba ile ile, hakuna anayefika. Na kekee, ambazo ndizo zingeongeza shaba, nazo zimesimama nusu.

Kwanza, agizo moja kubwa kwa wakati mmoja, na wengine wamsaidie. Wachezaji kadhaa wanaweza kujenga jengo moja na linakwenda kwa kasi zaidi. Chombo kinajenga mpaka miraba 27 hivi kutoka kilipo, kwa hiyo lazima usogee. Anayeagiza huku yuko upande wa pili wa ramani anaweka kivuli tu.

Pili, gaweni kazi kabla ya kuanza, si wimbi likiwa mlangoni. Mgao unaofaa kwa wanne: mmoja migodi na mikanda, mmoja viwanda na umeme, mmoja mizinga na kuta, wa nne ni wa kuzunguka. Huyo wa nne watu wanamdharau, naye ndiye anayeokoa. Anakagua mizinga mitupu, anafukuza Horizon, anafufua kilichobomoka. Tena anabeba risasi kwa mkono: gusa kituo, chukua grafaiti, chombo cha mwanzo kinabeba 30, ruka mpaka kwenye mzinga uliokauka, mburutie. Inachukua sekunde chache, na safu imepata pumzi wakati fundi anatafuta mkanda ulikokatika.

Tatu, angalieni dari. Kituo cha mwanzo kinaweka 4,000 ya kila kitu, kikubwa chake 9,000, cha mwisho 13,000. Shaba ikishafika 4,000 kuongeza kekee za shaba hakukupi kitu, hamisheni nguvu kwenye titani au mchanga. Na mapema tu tengenezeni Mono kwenye Air Factory (silikoni 30 na ledi 15 kwa mmoja), hao wanachimba shaba na ledi wenyewe. Poly ndiye bora zaidi, anajenga upya kilichovunjwa bila kuambiwa. Wakipatikana Poly watatu, yule wa nne anapata nafuu.

#18 · pedi_mbili

Naona Mindustry tu. Wenye kompyuta X-Morph wasiikose. Humo nyinyi ndio wavamizi kutoka angani, na wanaojilinda ni watu wa dunia, jambo linalochekesha kidogo. Chombo kinabadilika kuwa kivuli kinachopita ndani ya majengo wakati wa kujenga. Uzuri wake ni njia: kabla ya wimbi mnaoneshwa mistari watakayopita adui, mkiweka minara miwili karibu inaunganishwa na uzio wa mwanga, na mistari inajichora upya hapo hapo. Hata jengo la mji mkiliangusha linaweza kuziba barabara. Kwa wachezaji wawili, mmoja anachora njia, mwengine anabaki na za angani. Kosa la wengi ni kutawanya minara. Refusheni njia ipite mara mbili au tatu mbele ya minara ile ile.

Hivi kwenye Mindustry hilo la kuwazungusha linawezekana?

#19 · kekee_darajani

Kidogo sana, na ukilitegemea litakuangusha. Askari wa ardhini wa Mindustry wanahesabu ukuta wako kama njia yenye gharama kubwa, hawaoni kama umefungwa kabisa. Ukiacha mwanya mdogo watauzunguka. Ukiziba kote, au ukiurefusha mno mzunguko, wanaona bora kuvunja, na wanavunja. Atrax ndiye kabisa, anatembea juu ya kuta.

Kwa hiyo ukuta wa Mindustry ni wa kupokea mapigo. Uwekeni miraba miwili au mitatu mbele ya mizinga, usigusane nayo. Crawler analipuka akigusa kitu, na mlipuko wake una eneo. Ukuta ukiwa umebanana na Duo, vyote vinaumia. Nyuma ya ukuta Mender, kila sekunde 3.3 inarudisha asilimia 12 ya uhai wa kila jengo lililo karibu. Mbili zikipishana zinafanya kuta za titani zisimame muda mrefu ajabu.

Jambo jengine, msijenge karibu na pale adui wa ardhini wanaposhukia. Kuna duara, na kila wimbi likishuka kilichomo ndani yake kinaangamia, vyombo vyenu pia.

#20 · skwahiba_mkoani

Umeme ukizimika usiku na simu ya mwenyeji ikafa chaji, mchezo wote umepotea?

#21 · bi_hotspoti

Haupotei. Mchezo unajihifadhi wenyewe kwenye simu ya mwenyeji kila baada ya muda, muda huo umo kwenye mipangilio, upunguzeni. Wengine watatolewa tu. Kama mnaona chaji inakwenda, mwenyeji atoke kwa utaratibu, aende kwenye orodha ya michezo iliyohifadhiwa, atoe faili (linaishia na .msav), amrushie mwenye chaji nyingi, huyo aliingize kwake na awe mwenyeji mpya. Mwanga wa kioo shusheni, na punguzeni madoido kwenye mipangilio ya picha, simu ndogo zinapata nafuu na hotspoti inadumu.

Mkiona vyombo vinarukaruka, mara nyingi simu ya mwenyeji ndiyo imechoka kuhesabu. Mbadilishe mwenyeji kwanza.

#22 · hesabu_tupu

Na msijenge safu ile ile kila siku kwa mkono. Mkishapata safu ya Duo na Router iliyokaa sawa, ichague, ihifadhi kama skimatiki (mchoro wa majengo wa kuweka tena popote), kisha inakilike kama maandishi. Yanaanza na bXNjaA, ni mstari mrefu wa herufi. Ubandike kwenye kundi lenu la WhatsApp, mwengine anaunakili na kuuingiza kwenye skimatiki zake. Angalia unakili wote mpaka herufi ya mwisho, ukikatika hauingii.

#23 · mtoto_wa_wete

@fundi_mikanda tuwekee basi ile ya Smelter mbili na jenereta moja.

#24 · fundi_mikanda

Nitaiweka usiku nikikaa kwenye kompyuta. Mchanga utaingilia kushoto, makaa kulia, na makaa hayo hayo yanapita kwenye jenereta kwanza. Iacheni nafasi ya miraba 9 kwa 8, na upande wa juu uelekee kituoni.